Ukunga na Usindikizaji wa Wajawazito katika Kitui na Makueni

Katika maandishi ya afya ya uzazi ya siku hizi, dula ni mtu, kwa kawaida mwanamke, anayelipwa ili akae na mjamzito kabla ya kujifungua, wakati wa uchungu na katika siku za kwanza za mtoto, bila yeye mwenyewe kuzalisha, kupima wala kutoa dawa. Jina hilo, lenye asili ya Kigiriki, lilianza kuenea baada ya mwanaanthropolojia wa Marekani Dana Raphael kulitumia katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1973, naye alilenga hasa msaada anaopewa mama anayenyonyesha. Miaka michache baadaye madaktari Marshall Klaus na John Kennell, pamoja na wenzao waliofanya utafiti katika hospitali moja nchini Guatemala, walionyesha kwamba mwanamke aliyekuwa na mwenzi tangu uchungu ulipoanza alijifungua mapema zaidi na kwa matatizo machache kuliko yule aliyeachwa peke yake. Kuanzia hapo kazi hiyo ikawa taaluma yenye mafunzo, vyama na bei, na imefika hadi Nairobi, ambako familia zenye uwezo humwajiri dula kama zinavyomwajiri yaya.

Wakazi wa Kitui na Makueni waliifahamu kazi hii muda mrefu kabla haijapata jina la kitaaluma. Katika kaunti hizi mbili za Ukambani, kumsindikiza mjamzito, yaani kuwa naye, kumshika, kumtia moyo na kumtunzia nyumba, na kumzalisha, yaani kumpokea mtoto, kukata kitovu na kulitoa kondo la nyuma, zilikuwa shughuli mbili zilizofanyika chini ya paa moja na mara nyingi kwa mikono ileile. Historia ya karne moja na zaidi iliyopita inaonyesha jinsi shughuli hizo zilivyotenganishwa: uzalishaji ukahamia hospitalini, kwa sababu za haki, na usindikizaji ukaondolewa pamoja nao bila mtu yeyote kuamua waziwazi kwamba ulikuwa na madhara.

Mazingira ya eneo hili ndiyo yaliyoupa usindikizaji umbo lake. Kaunti ya Kitui ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 30,000, nayo ilihesabiwa kuwa na watu 1,136,187 katika sensa ya mwaka wa 2019. Makueni, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi mwaka wa 1992, ilikuwa na watu 987,653. Ukiacha vilima kama vile Mbooni, Kilungu na Nzaui, sehemu kubwa ni nchi kavu yenye misimu miwili ya mvua isiyotabirika, mito ya mchanga ambayo hukauka kwa miezi mingi na kufurika ghafla, na maboma yaliyotawanyika. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu usiku alitegemea watu walioweza kufika kwa miguu, yaani mama mkwe, wake wenza, majirani wa utui (mtaa wa maboma yanayopakana) na mkunga wa karibu. Msaada huo wa majirani uliambatana na desturi ya mwethya, ambayo ni kazi ya ushirika inayofanywa kwa zamu katika shamba au nyumba ya mtu mmoja, na anayesaidiwa leo hudaiwa msaada kama huo kesho.

Maelezo ya mwanzo kabisa yaliyoandikwa kuhusu uzazi wa Wakamba yana upungufu unaopaswa kutajwa. C. W. Hobley, ofisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu chake kuhusu Wakamba mwaka wa 1910. Gerhard Lindblom, mtaalamu wa Kiswidi, aliishi Ukambani mwaka wa 1911 na 1912 na kutoa kitabu kinene kilichokamilishwa mwaka wa 1920. Na John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka wa 1931, aliyaeleza mengi ya kwao katika kitabu chake cha mwaka wa 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Wote watatu walikuwa wanaume, na desturi iliwaweka wanaume nje ya nyumba wakati mtoto anazaliwa, kwa hiyo wameacha habari nyingi zaidi za miiko, sadaka na majina kuliko za yale ambayo wanawake waliyafanya ndani usiku kucha.

Hata hivyo miiko hiyo inaonyesha kwamba usindikizaji ulianza mapema, miezi kadhaa kabla ya uchungu. Mbiti anaeleza kuwa mjamzito wa Kikamba alikatazwa, katika miezi mitatu ya mwisho, kula mafuta, maharagwe na nyama ya mnyama aliyeuawa kwa mshale wenye sumu, na kwamba silaha na vyombo vya chuma viliondolewa katika nyumba yake kabla hajajifungua, kwa kuwa iliaminika kwamba chuma huvuta radi. Miiko ya namna hiyo haijisimamii yenyewe. Lazima awepo mtu wa kumkumbusha mjamzito, wa kumpikia chakula kinachofaa na wa kumtoa mumewe na mishale yake, na mtu huyo alikuwa mwanamke mzee wa boma, ambaye kwa njia hiyo aliifuatilia mimba wiki baada ya wiki na kujua mapema ikiwa mama anavimba miguu, anatokwa na damu au mtoto amelala vibaya tumboni.

Uchungu ulipoanza, kazi iligawanywa. Kama ilivyokuwa katika jamii nyingi za mashariki na katikati mwa Kenya, mwanamke alijifungua akiwa amechuchumaa, amepiga magoti au ameketi sakafuni, huku mwanamke mwingine akiwa nyuma yake, amempitishia mikono chini ya makwapa na kumpa kifua cha kuegemea. Mkunga alikaa mbele yake, akilikanda tumbo kwa mafuta na kuusubiri wakati. Wengine walichochea moto kwenye mafiga, wakachemsha maji, wakawatuliza watoto wakubwa na kupeleka habari kwa baba aliyekuwa nje. Yule wa nyuma hakuhitaji ujuzi wa mkunga. Sharti lililotajwa kwa kawaida ni kwamba awe amezaa mwenyewe, maana aliyewahi kupita njia hiyo ndiye aliyeaminiwa kujua wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza. Ukipimwa kwa maana ya leo, mwanamke huyo ndiye aliyekuwa dula, ila hakuitwa kwa mkataba wala hakulipwa kwa saa.

Usindikizaji haukuishia kwenye kilio cha kwanza cha mtoto. Kwa mujibu wa Mbiti, siku ya tatu wazazi walichinja mbuzi au ng'ombe dume, watu wakaja kushangilia, na wanawake waliokwisha kuzaa wakakutana kumpa mtoto jina. Siku iliyofuata baba alimvisha mtoto mkufu uitwao ithaa, na hapo ndipo alipohesabiwa kuwa mtu kamili. Kabla ya siku hiyo mtoto alikuwa bado kiimu, kitu cha ulimwengu wa mizimu, na akifa, mama yake aliingia katika unajisi uliohitaji kutakaswa. Hivyo wanawake walewale walioushuhudia uzazi walikuwa na mamlaka ya kumtambulisha mtoto kwa jamii, na majina mengi ya Kikamba yanaonekana kama kumbukumbu za mashahidi hao. Kioko alizaliwa asubuhi na Mutuku usiku, Mwanzia njiani, Wambua na Mumbua wakati wa mvua, na Wayua katika njaa.

Mkunga alishukuriwa kwa vitu, kama vile kuku, nafaka, na katika karne ya ishirini leso, sabuni au sukari, lakini shukrani hiyo ilitegemea uwezo wa familia na haikuwa bei. Wanawake waliomshika na kumhudumia mama hawakupewa chochote isipokuwa chakula cha sherehe na haki ya kusaidiwa zamu yao ikifika. Ikumbukwe kwamba mpango huu ulikuwa na mipaka mikali: mtoto aliyekwama, damu isiyokoma na kondo lisilotoka vilikuwa balaa ambazo mkunga, na hata mũndũ mũe, yaani mganga wa Kikamba, hakuwa na uwezo wa kuzizuia, na wanawake wengi walikufa wakiwa wamezungukwa na watu waliowapenda. Ukame nao uliuvunja mpango huo mara kwa mara. Katika njaa kuu ya miaka ya 1897 hadi 1899, inayokumbukwa Ukambani kwa jina la Ngomanisye, familia zilitawanyika kutafuta chakula hadi kwa majirani wa mbali, na pale ambapo watu wametawanyika msaada wa utui hauwezi kuwapo.

Wageni wa kwanza waliokuja na dawa na vitabu walikuwa wamisheni. Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka wa 1849 akiwa mgeni wa mfanyabiashara Kivoi, lakini vituo vya kudumu vilikuja baadaye: Wajerumani wa Misheni ya Leipzig walianza Ikutha mwaka wa 1892 na Mulango mwaka wa 1899, na Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alianzisha kituo cha kwanza cha misheni hiyo huko Nzaui, katika Makueni ya leo, mwaka wa 1895. Dawa zilizotolewa katika vituo hivyo zilihusu zaidi vidonda na homa kuliko uzazi. Mashaka ya wamisheni yalielekezwa kwenye sadaka na mizimu, na kwa kuwa mbuzi wa siku ya tatu na ithaa vilihusishwa na mambo hayo, familia za wasomi, kama Wakristo wa kwanza walivyoitwa, zilianza kuviacha. Sehemu ya hadhara ya kazi ya wanawake wa uzazi ilianza kufifia hata kabla ya kujengwa kwa wodi ya kwanza.

Serikali ya kikoloni iligeukia uzazi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, vita vilivyowamaliza wapagazi wengi wa Kiafrika, na baada ya homa ya mafua ya 1918, kwa kuwa ilihofia kwamba idadi ya watu, na kwa hiyo ya vibarua, ingepungua. Mabaraza ya Wenyeji yaliyoundwa kuanzia mwaka wa 1924 yalitumia kodi za wananchi kugharimia zahanati za wilayani, na mjini Nairobi hospitali ya wazazi ya Pumwani ilianza mwaka wa 1926 kwa juhudi za chama cha Lady Grigg, mke wa gavana. Mkunga wa aina mpya alitokea: mwanamke kijana, msomi, mwenye sare na cheti, ambaye aliweza kuwa hajazaa. Kwa wanawake wa vijijini sifa hizo zilipingana na zile walizozizoea, kwa maana mtaalamu mpya alikuwa na vyombo na ujuzi lakini hakuwa jamaa wala jirani, na hakuna aliyeruhusiwa kukaa nyuma ya mgongo wa mama juu ya kitanda cha chuma.

Hata hivyo wodi zilikuwa chache na mbali. Hospitali za misheni ya Kikatoliki kama Muthale na Mutomo, zote katika Kitui, ziliwafikia wanawake wa maeneo yaliyozizunguka, lakini sehemu kubwa ya Ukambani iliendelea kuzaa nyumbani. Tena wanaume wengi walikuwa jeshini, katika polisi au katika kazi za miji, na wanawake waliobaki ndio walioendesha maboma, na vikundi vyao vya mwethya vikachimba matuta ya kuhifadhi udongo, hali iliyoimarisha mtandao uleule ambao mjamzito aliutegemea. Utafiti mkubwa uliofanywa kaskazini mwa Machakos katika miaka ya 1970 na watafiti wa Kenya na Uholanzi, ambao matokeo yake yalikusanywa katika kitabu mwaka wa 1984, ulikuta kwamba uzazi wa nyumbani ulikuwa bado jambo la kawaida, ijapokuwa akina mama wengi walikuwa tayari wanahudhuria kliniki ya wajawazito.

Kwa muda wa takribani miaka ishirini sera ya dunia ilimpendelea mkunga wa jadi. Mkutano wa Alma-Ata wa Septemba 1978 kuhusu huduma za msingi za afya ulimtaja kuwa mmoja wa watu wanaoweza kufundishwa na kutumiwa, na Kenya ilifuata mkondo huo. Huko Kibwezi, upande wa kusini wa Makueni ya leo, shirika la AMREF lilianzisha mradi wa afya vijijini mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970, uliojenga kituo cha afya na kuwafundisha wahudumu kutoka katika jamii. Mafunzo waliyopewa wakunga wa jadi katika sehemu mbalimbali za nchi yalikuwa ya vitendo: kunawa mikono kwa sabuni, kutumia wembe mpya na uzi uliochemshwa kukatia na kufungia kitovu, kuvaa glavu, na kuzitambua dalili za hatari ili mama apelekwe hospitalini mapema. Mafunzo hayo hayakugusia sana kumshika mama au kumtuliza, kwa kuwa hilo lilidhaniwa kuwa jambo wanalolijua tayari, na kitu kisichofundishwa wala kupimwa hakikuingia katika ripoti.

Mambo yalianza kubadilika baada ya mkutano wa Nairobi wa Februari 1987, ulioanzisha kampeni ya kimataifa ya uzazi salama. Hesabu zilizofuata zilionyesha kwamba kuwafundisha wakunga wa jadi hakukupunguza vifo vya akina mama kama ilivyotarajiwa, kwa sababu vifo hivyo husababishwa hasa na kutokwa na damu nyingi, kifafa cha mimba, maambukizi na uzazi uliokwama, na kila kimoja huhitaji dawa, damu au upasuaji. Ukimwi uliongeza hofu ya kugusana na damu. Mwaka wa 2004 Shirika la Afya Duniani na mashirikisho ya kimataifa ya wakunga na ya madaktari wa uzazi yalitoa tamko la pamoja lililomweleza mhudumu stadi kuwa mkunga, muuguzi au daktari aliyesomea kazi hiyo, na wakunga wa jadi wakaachwa nje, wawe wamefundishwa au la. Sera ya Kenya ya afya ya uzazi ya mwaka wa 2007 ilifuata msimamo huo.

Kulikuwa bado na kikwazo cha fedha, maana serikali ilikuwa imeanza kutoza ada hospitalini mwaka wa 1989 chini ya mpango wa kuchangia gharama. Kitui ikawa mahali pa majaribio: mwaka wa 2006 ilichaguliwa, pamoja na Kisumu, Kiambu na mitaa ya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi, kuanzisha mpango wa vocha uliogharimiwa kwa msaada wa Ujerumani. Mama maskini aliuziwa vocha ya uzazi salama kwa shilingi 200, karatasi iliyomwezesha kupimwa wakati wa ujauzito, kujifungua hata kwa upasuaji, na kuangaliwa baada ya hapo katika hospitali aliyoichagua, iwe ya serikali, ya misheni au ya binafsi, nayo hospitali ikalipwa kwa kila huduma iliyotolewa. Vocha hiyo ililipia kitanda, dawa na mikono ya mtaalamu, lakini haikumlipia nauli, chakula wala siku ya kazi mwanamke aliyefunga safari pamoja na mjamzito kutoka kijijini.

Hatua zilizofuata ziliondoa ada karibu kabisa. Tarehe 1 Juni 2013 serikali ya Uhuru Kenyatta ilitangaza huduma ya bure ya kujifungua katika hospitali za umma. Mwaka wa 2016 ukaja mpango wa Linda Mama wa kugharimia uzazi, na mwaka huohuo kaunti ya Makueni chini ya gavana Kivutha Kibwana ikaanzisha bima yake, MakueniCare, ambapo kila kaya ilijiandikisha kwa shilingi 500 kwa mwaka. Tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya zinaonyesha ukubwa wa badiliko hilo katika Kenya nzima: watoto waliozaliwa mikononi mwa mhudumu stadi walikuwa asilimia 44 katika utafiti wa 2008 na 2009, asilimia 62 mwaka wa 2014 na asilimia 89 mwaka wa 2022. Katika muda usiozidi kizazi kimoja mkunga wa jadi alipoteza sehemu kubwa ya kazi yake.

Gharama ya ushindi huo ilianza kuonekana ndani ya wodi zenyewe. Utafiti wa mradi wa Heshima, uliofanywa katika hospitali na vituo 13 nje ya Ukambani, ulikuta kwamba mwanamke mmoja kati ya watano aliripoti kutendewa vibaya wakati wa kujifungua, ikiwa ni pamoja na kutukanwa, kunyimwa faragha au kuachwa peke yake. Kuachwa peke yake ndilo jambo ambalo desturi ya zamani haikuliruhusu litokee. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku anayewahudumia akina mama kadhaa hawezi kukaa nyuma ya mgongo wa kila mmoja, na jamaa aliyemleta mjamzito mara nyingi alisimamishwa mlangoni, kwa sababu chumba kimejaa na vitanda havina mapazia. Katika miongozo yake ya 2018, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila mwanamke awe na mwenzi aliyemchagua mwenyewe muda wote wa uchungu na kujifungua, na pendekezo hilo lilirudisha kwa lugha ya kitaalamu nusu ya kazi iliyokuwa imefukuzwa.

Ni katika hali hiyo ambapo kaunti kadhaa za Kenya zimejaribu kumgeuza mkunga wa jadi kuwa msindikizaji, mtu anayemtambua mjamzito mapema, anayemhimiza kwenda kliniki na anayeongozana naye hadi hospitalini, ambako uzalishaji huachiwa mtaalamu. Ugumu wa mpango huo ni wa kiuchumi. Aliyezalisha nyumbani alikuwa na shukrani yake, kuku au leso. Anayesindikiza huacha shamba, hulipa pikipiki, hukesha kwenye benchi, na kurudi mikono mitupu kama hakuna fungu lililotengwa kwa ajili yake. Wahudumu wa afya ya jamii waliozinduliwa rasmi mwaka wa 2023, wapatao 100,000 nchini kote, hupewa posho ya mwezi inayogawanywa kati ya serikali kuu na kaunti, lakini posho hiyo ni ya kutembelea kaya na haihesabu usiku ambao mtu amekesha na mwenye uchungu. Dula wa Nairobi ametatua swali hilohilo kwa kumtoza mteja, njia ambayo familia nyingi za Mutomo, Kyuso au Mtito Andei haziwezi kuimudu.

Kuhamisha uzalishaji kwenda hospitalini kumeokoa maisha, na hakuna hoja ya maana ya kuurudisha nyumbani. Balaa zilizowaua akina mama wa Ukambani hazikuweza kuzuiwa na upendo wa majirani. Usindikizaji haukuwa chanzo cha vifo hivyo, bali uliondolewa kwa kuwa ulifungamana na mtu ambaye ujuzi wake wa kuzalisha ulikataliwa. Ukitazamwa hivyo, mjadala wa leo kuhusu dula unahusu kuipa nafasi yake kazi ambayo Kitui na Makueni ziliifanya kwa vizazi vingi kwa deni la mwethya, sasa ikihitaji kiti kando ya kitanda, pazia linalositiri vitanda vingine, kibali cha kuingia chumba cha kujifungulia, na mfuko wa umma unaolipa nauli na usiku wa yule anayekaa na mama.